Tarehe Ni Moja, Miaka ya Hesabu Ni Mingi

Katika mwaka wa 2021 shule za Kenya zilianza mihula minne. Januari ulianza muhula wa pili wa mwaka wa masomo wa 2020, mwaka uliokatizwa na janga la korona. Mei ukaanza muhula wa tatu wa mwaka huo huo wa 2020. Julai 26 ukaanza muhula wa kwanza wa 2021, na Oktoba ukafuata muhula wa pili. Wazazi wanaukumbuka mwaka huo kwa sababu ya karo, maana mifuko haikupata nafasi ya kupumua. Mimi naukumbuka kwa sababu nyingine pia, ambayo sikuiona ikizungumzwa vya kutosha: ulikuwa mwaka uliowaumbua wote waliotengeneza madaftari ya tarakilishi kwa kudhani kwamba kalenda haibadiliki.

Hebu tumfikirie karani wa hesabu katika shule ya upili yoyote ile. Programu ambayo shule yake imeuziwa ina jedwali la karo lenye safu tatu, moja ya muhula wa kwanza, moja ya muhula wa pili na moja ya muhula wa tatu, na juu yake pana nafasi ya kuandika mwaka. Aliyeibuni aliona kazi imekwisha. Mwaka una mihula mitatu. Wa kwanza huanza Januari na wa tatu humalizika Novemba. Ni nani asiyejua hayo? Sasa mzazi analeta karo Februari 2021. Programu inaitazama tarehe, inaona mwezi ni Februari, na inaiandika karo hiyo chini ya muhula wa kwanza wa 2021, muhula ambao ungeanza mwisho wa Julai. Mtoto anaonekana amelipia siku zijazo huku akidaiwa za sasa. Jina lake linatokea katika orodha ya wanaotumwa nyumbani. Mwalimu anayesoma orodha hiyo hana nia mbaya, wala mzazi hakukosea, wala karani hakuzembea. Kosa limo ndani ya jedwali, nalo liliingia siku lilipochorwa.

Hoja ninayotaka kuitetea leo ni nyepesi kuisema, ingawa wengi huikiuka. Kalenda ya hesabu, iwe ya mihula, ya robo za mwaka au ya mwaka mzima wa fedha, ni data kama data nyingine. Haifai kufichwa ndani ya amri za programu kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Inafaa iwekwe mahali pake, ionekane, na iweze kubadilishwa na mtu asiye fundi. Na kwa kuwa wanafunzi wetu wa leo ndio watakaobuni kanzidata za benki, kaunti na vyama vya ushirika kesho, jambo hili lapaswa kufundishwa darasani mapema, wala lisingoje hadi wakutane nalo kazini.

Huenda msomaji akauliza, je, kalenda za fedha hubadilika kweli, au korona ilikuwa ajali ya mara moja katika karne? Jibu limo katika Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 260 chasema kwamba mwaka wa fedha ni kipindi cha miezi 12 kinachoishia Juni 30, au siku nyingine itakayowekwa na sheria ya kitaifa. Kisha kinaongeza kwamba mwaka wa kwanza wa taasisi yoyote huanza siku taasisi hiyo inapozaliwa na kuishia Juni 30 inayofuata. Walioiandika Katiba walikuwa na busara kuliko wabunifu wengi wa programu: walijua kwamba siku ya mwisho yaweza kusogezwa, na kwamba mwaka waweza kuwa mfupi. Serikali za kaunti 47 ziliundwa baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013. Kwa kipimo hicho, mwaka wao wa kwanza wa fedha haukufika hata miezi minne. Mwanafunzi wa uchumi atakayeuweka mwaka huo kando ya ule uliofuata, bila kuuliza urefu wa kila mmoja, atatangaza kwamba kaunti zilifanya maajabu.

Majirani zetu nao wamepitia hayo. Rwanda ilikuwa ikihesabu mwaka wake wa fedha kuanzia Januari hadi Desemba. Ilipotaka kwenda sambamba na wenzake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilipitisha bajeti ndogo ya miezi sita, Januari hadi Juni 2009, kisha ikaanza mwaka mpya mnamo Julai. Marekani ilifanya mageuzi ya namna hiyo kwa sheria ya bajeti ya 1974. Mwaka wa fedha wa serikali kuu, uliokuwa ukianza Julai, ukahamishiwa Oktoba, na katikati pakabaki miezi mitatu, Julai hadi Septemba 1976, isiyokuwa ya mwaka wa 1976 wala wa 1977. Wamarekani hawakuificha. Katika majedwali yao ya kihistoria robo hiyo ya mpito ina mstari wake peke yake hadi leo. Huo ndio uungwana katika kuhifadhi hesabu.

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa Kenya Airways. Shirika hilo lilikuwa likifunga hesabu zake Machi 31 kila mwaka. Likaamua kuhamia Desemba 31, na kwa hiyo kipindi kilichoishia Desemba 31, 2017 kikawa cha miezi tisa tu. Mwaka uliofuata ulikuwa wa miezi 12 kamili. Tuseme sasa, kwa mfano wa kubuni, kampuni fulani inaingiza shilingi milioni 100 kila mwezi bila kupanda wala kushuka. Kipindi chake cha miezi tisa kitaonyesha milioni 900 na mwaka unaofuata milioni 1,200. Tarakilishi isiyojua urefu wa vipindi itachora mstari unaopaa na kuandika kwamba mapato yameongezeka kwa asilimia 33. Hakuna hata senti moja iliyoongezeka. Na mambo huharibika zaidi pale biashara ina misimu. Miezi mitatu iliyokosekana ikiwa ni ile ya ukame wa wateja, hata kugawanya kwa tisa na kuzidisha kwa 12 hakutatoa picha ya haki.

Kuna ugumu mwingine wa majina ambao wanafunzi wangu wa fikira, yaani nyinyi mnaosoma safu hii, yafaa muujue. Safaricom hufunga mwaka wake Machi 31. Serikali hufunga Juni 30. Benki zetu kubwa hufunga Desemba 31. Mtu akisema "mwaka wa fedha wa 2023", anasema habari za siku zipi? Kwa Safaricom ni Aprili 2022 hadi Machi 2023. Kwa benki ni Januari hadi Desemba 2023. Na serikali, kwa kuepuka utata huo, huandika miaka miwili kwa pamoja, 2022/2023. Jina la mwaka ni jina tu, mithili ya jina la mtu. Haliwezi kukuambia umri wake, na si namba ya kujumlisha na kutoa.

Hata mpaka wa Moyale unatosha kutufunza. Ukivuka upande wa pili unaingia nchi ambayo mwaka wake wa fedha huanza Julai 8, siku ya kwanza ya mwezi wa Hamle, na ambayo kalenda yake ina miezi 13: 12 ya siku 30 kila mmoja, na mmoja mdogo wa siku tano au sita. Mfanyabiashara mwenye duka pande zote mbili, akipewa programu yenye safu 12 za miezi, atafanya nini na mwezi wa 13? Huko Uingereza nako mwaka wa kodi huanza Aprili 6, tarehe inayomshangaza kila anayeisikia kwa mara ya kwanza. Chanzo chake ni mageuzi ya kalenda ya 1752, wakati Septemba 2 ilifuatwa na Septemba 14 na siku 11 zikaachwa zipotee. Kisa cha zaidi ya karne mbili zilizopita bado kinaamua siku ambayo Mwingereza huanza kuhesabu kodi yake.

Nalisema hili nikijua kwamba sisi Waswahili hatukuwa wageni wa kalenda nyingi. Mwambao umeishi nazo kwa karne nyingi. Miezi ya mwandamo huhesabiwa kuanzia Mfungo Mosi baada ya Ramadhani, na kando yake pana mwaka wa jua wa Nairuzi, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambao mabaharia na wakulima waliutegemea kujua pepo na mvua. Mzee wa Pate au wa Makunduchi hakuchanganyikiwa. Siku kwake ilikuwa moja. Ila iliitwa jina moja na mwezi mwandamo na jina jingine na mwongo wake. Hakuna aliyedhani kwamba kalenda moja ilikuwa ndiyo siku yenyewe. Akili hiyo ndiyo ambayo mbunifu wa kanzidata anahitaji, na ni ajabu kwamba twaitafuta mbali.

Sasa kazi yenyewe ifanyweje? Jambo la kwanza, na kwa kweli ndiyo nusu ya kazi, ni kuhifadhi tarehe halisi ya kila tukio. Siku, mwezi na mwaka kamili, kama ilivyo katika stakabadhi. Tukio haliji na robo yake wala na muhula wake. Hayo ni maelezo ambayo wanadamu huyabandika juu yake. Ukiwa na tarehe waweza kuipata robo wakati wowote, hata baada ya robo kubadilishwa. Ukihifadhi robo peke yake, tarehe imekwenda na hairudi. Nimeona madaftari mengi ambayo kwa kutaka kubana nafasi huandika "Robo ya 3, 2016" na kuishia hapo. Waliyafanya hayo hayo watangulizi wetu walioandika mwaka kwa tarakimu mbili, na ulimwengu ukalazimika kugharamika sana kabla ya 2000 kuzirudisha tarakimu mbili zilizokosekana. Tatizo hilo angalau lilikuwa na siku yake iliyojulikana. Hili la kalenda za fedha huja bila kupiga hodi, siku waziri anapotia sahihi waraka au bodi ya kampuni inapokutana.

Jambo la pili ni kuwa na jedwali la vipindi. Kila mstari wa jedwali hili unasema mambo machache: ni kalenda ya nani, kipindi kinaitwaje, kimo katika mwaka upi, kinaanza siku gani na kinaisha siku gani. Katika jedwali la shule, mstari mmoja ungesema: muhula wa pili, mwaka wa masomo wa 2020, kuanzia Januari 4, 2021 hadi Machi 19, 2021. Tazama jinsi mwaka wa masomo na mwaka wa tarehe unavyotofautiana bila kugombana, kwa sababu kila mmoja umepewa safu yake. Wizara ikisogeza tarehe, karani anaandika mistari mipya na kazi inaendelea. Mwaka ukiwa na mihula minne, anaongeza mstari wa nne. Hakuna safu ya kuongeza wala fundi wa kuitwa kutoka Nairobi. Kalenda ya serikali huwekwa katika jedwali hilo hilo ikiwa na jina lake, na ya kampuni kadhalika. Malipo yale yale huweza kusomwa kwa kalenda yoyote kati ya hizo.

Hapa naomba tukawie kidogo, kwa sababu wengi wakifika hapa hudhani wamemaliza. Mzazi aliyelipa karo Aprili 2021 alilipa wakati wa likizo, siku ambayo haimo ndani ya muhula wowote. Na yule aliyelipa Februari huenda alikuwa akimaliza deni la muhula uliotangulia. Kumbe tarehe peke yake haitoshi kujua malipo ni ya kipindi gani. Malipo yana kweli mbili: siku yalipotolewa, na kipindi yanacholipiwa. Zote mbili zahitaji kuandikwa, kila moja mahali pake, na ile ya pili isiwe neno la kuandikwa kwa mkono, bali iwe kiungo kinachoelekeza kwenye mstari maalumu wa jedwali la vipindi. Wahasibu wanalijua hili tangu enzi za leja za karatasi. Umeme uliotumika Juni, ankara yake ikafika Julai, ni gharama ya mwaka wa fedha uliofungwa Juni 30, ingawa pesa zimetoka Julai. Mhasibu wa kalamu na wino aliweza kuliandika hilo pembeni. Programu iliyobuniwa vibaya haina pembeni.

Jambo la tatu nitalipitia haraka: jedwali lijilinde lenyewe. Vipindi viwili vya kalenda moja visipandane, na katika kalenda ya fedha pasiwe na siku iliyoachwa bila mwenyewe. Tarakilishi yaweza kukagua hayo kila mstari unapoongezwa.

La nne ndilo linalosahauliwa zaidi. Kalenda inapobadilika, ile ya zamani isifutwe. Kampuni iliyohama kutoka Machi kwenda Desemba tayari ilikuwa imechapisha hesabu zake za nyuma kwa kalenda ya Machi. Zimo mikononi mwa wenye hisa, mwa benki na mwa mtoza ushuru. Mkaguzi akija baada ya miaka mitano, lazima aweze kuzitoa tena kama zilivyokuwa, shilingi kwa shilingi. Wakati huo huo mkurugenzi atataka kuiona miaka hiyo ya nyuma ikiwa imepangwa upya kwa kalenda ya Desemba, apate kulinganisha. Matakwa yote mawili ni ya haki, na yote mawili yawezekana ikiwa kalenda ya zamani na mpya zimehifadhiwa bega kwa bega, kila moja ikiwa na tarehe iliyoanza kutumika na tarehe iliyokoma. Anayebadilisha mistari ya zamani ili ifanane na utaratibu mpya amefuta ushahidi, hata kama nia yake ilikuwa kusafisha. Mimi simwamini mtu anayesafisha madaftari kwa kufuta.

Wako watakaosema kwamba hayo ni anasa. Shule hazina madawati, mgao wa fedha za serikali hauji kwa wakati, nami naleta habari za majedwali. Nawajibu kwamba ni kwa sababu mgao unachelewa ndipo daftari linahitaji kuwa imara. Mwaka wa masomo huanza Januari ilhali wa serikali huanza Julai. Kwa utaratibu uliozoeleka wa kugawa fedha kwa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu, fungu kubwa kabisa la mwanafunzi huangukia nusu ya pili ya mwaka wa fedha wa serikali, na muhula wa tatu huangukia bajeti nyingine kabisa. Mwalimu mkuu anayetaka kuonyesha kwamba shule yake haikupata haki yake lazima aweze kuzisoma fedha zile zile kwa kalenda mbili. Asipoweza, atajibiwa kwamba alilipwa, na hatakuwa na la kusema. Ama gharama, haipo. Miaka 20 ina siku 7,305. Hata ukiamua kuandika mstari mmoja kwa kila siku, jedwali zima ni dogo kuliko rundo la stakabadhi za shule moja kubwa.

Yapo pia yanayomgusa mwanafunzi mwenyewe. Watahiniwa wa KCSE wa 2020 waliufanya mtihani wao mwaka wa 2021. Wale wa 2021 waliufanya mapema mwaka wa 2022, na wale wa 2022 wakaufanya mwishoni mwa mwaka huo huo. Mwajiri au mfadhili ambaye kanzidata yake inautoa mwaka wa mtihani katika tarehe ya mtihani atakuta kwamba 2020 hapakuwa na mtahiniwa hata mmoja Kenya nzima, na kwamba 2022 walikuwa wa makundi mawili. Kijana anayeomba ufadhili na kuandika 2020, kama cheti chake kisemavyo, anaweza kuonekana mwongo mbele ya mashine. Hao ni watu wazima sasa, wanaotafuta kazi na vyuo, na fomu wanazojaza zimebuniwa na watu waliowahi kukaa katika madarasa yetu.

Mazoezi mengi ya somo la tarakilishi niliyoyaona huhusu duka linalofungua vitabu Januari na kuvifunga Desemba, miaka nenda miaka rudi. Nawapendekezea walimu zoezi jingine. Mwalimu awape wanafunzi stakabadhi 20 za kubuni, zenye tarehe zilizotawanyika kati ya Oktoba 2020 na Januari 2023, baadhi zikiwa za Juni 30, baadhi za Julai 1, na mbili tatu za siku za likizo zikiwa zimeandikwa ni karo ya muhula upi. Wanafunzi watoe jumla kwa kila muhula, kwa kila mwaka wa masomo, na kwa kila mwaka wa fedha wa serikali. Wakishamaliza na kufurahi, mwalimu aje kesho yake na waraka mpya: muhula wa tatu umesogezwa mbele kwa wiki tatu, na shule sasa itafunga hesabu zake Machi. Majibu yatakiwe kabla ya kengele, ya kalenda mpya na ya zamani kwa pamoja, bila stakabadhi hata moja kuguswa. Atakayelazimika kuzifuta na kuziandika upya ili jibu litoke, apewe karatasi nyingine safi achore jedwali tangu mwanzo.